MWALIMU NYERERE: Maisha ya kijana wa Butiama kupitia noti na stempu za kale



Leo tuache kidogo siasa za majukwaani. Nataka tumzungumzie mtu ambaye karibu kila mmoja wetu kamshika mkononi wiki hii, tena bila hata kumtazama usoni. Toa noti ya 1,000 mfukoni uiangalie. Huyo mzee hapo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, mtoto wa Butiama, hapa hapa mkoani kwetu Mara. Vijana wengi mnamjua kwa vitu viwili tu: mapumziko ya Oktoba 14 na hiyo noti.

Mimi ni mkusanyaji wa noti, sarafu na stempu za zamani. Hii kazi hapa Musoma watu wanaiona kama ya mtu asiye na shughuli. Lakini duniani ipo kila mahali. Kule Marekani watu wanakusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli, zingine zilikuwa zinatiwa bure kwenye pakiti za sigara. Kadi moja ya mchezaji Honus Wagner, iliyotoka kati ya 1909 na 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7 na ushee. Kakaratasi hako, wadau, kanatosha kwenye kiganja! Sisi hatuna kadi za besiboli. Tuna sura ya Mwalimu, imechapwa na kuchongwa kwa zaidi ya miaka 60, na ukizipanga hizo picha kwa mwaka unapata maisha yake yote, mazuri na machungu.

Na kuna sababu ya kulileta hili sasa. Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za zamani za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya karatasi ya 500 ya mwaka 2010. Kubadilisha kulianza Januari 6, 2025 na kukaisha Aprili 5, 2025. Baada ya hapo noti hizo hazinunui hata pipi. Watu wengi waliobaki nazo wanazitupa. Nisomeni kwanza halafu ndio mtupe.

MTOTO WA MTEMI

Alizaliwa Aprili 13, 1922, Mwitongo, Butiama. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, mzee mwenye wake 22. Mama yake, Mgaya Wanyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Jina Kambarage alipewa kwa ajili ya mzimu wa mvua, maana siku aliyozaliwa mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Na jina Nyerere lenyewe kwa Kizanaki ni viwavi, wale wanaomaliza mazao. Babake alizaliwa mwaka ambao viwavi walivamia nchi, basi likabaki jina.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa mpya kabisa wakati huo, ilianza mwaka 1921. Kwa hiyo Kambarage na shilingi wamekua pamoja. Sarafu za utoto wake ni zile za senti 5 na senti 10 zenye tundu katikati, ambazo watu walizitunga kwenye kamba. Hizo mpaka leo unazikuta kwenye makopo ya mabibi zetu vijijini, zimekuwa nyeusi tii. Upande mmoja jina la mfalme wa Uingereza, mtu ambaye Mzanaki wa kawaida hakuwahi kumwona wala hakuwa na shida naye.

Alichunga mbuzi mpaka akafikisha miaka 12. Mwaka 1934 akapelekwa shule ya Mwisenge, hapa Musoma mjini. Butiama na Musoma leo ni safari ya daladala, lakini kwa mtoto wa wakati ule ilikuwa kama kwenda nchi nyingine. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu.

Sasa mkusanyaji anakuja hapa. Mwaka 1935, Kambarage akiwa Mwisenge, ilitoka seti ya stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha Mfalme George V. Ndani ya seti hiyo kuna picha ya jahazi likiwa na tanga wazi kwenye Ziwa Victoria. Ni kazi nzuri sana, mistari myembamba kama unywele, maji yamechorwa mpaka unahisi upepo. Ziwa ni hili hili tunalooga. Mfalme yuko juu kona, jahazi letu liko chini. Ukitaka kumweleza mtu ukoloni ulikuwaje bila kusema neno, mwonyeshe ile stempu.

Kutoka Mwisenge akaenda Tabora mwaka 1937, halafu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945. Mwaka huo huo wa 1943 ndio akabatizwa Julius. Akafundisha Tabora, shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskochi, akarudi 1952 na digrii. Aliporudi, Mfalme George VI alikuwa ameshafariki mwezi Februari, na noti zilizofuata zikaja na sura ya Malkia Elizabeth. Mwaka 1953 akamwoa Maria Waningu, binti wa huku huku Mara, akafundisha Pugu. Julai 7, 1954 ikaundwa TANU yeye akiwa kiongozi wake. Mwaka 1955 akaenda Umoja wa Mataifa kudai uhuru, na aliporudi ikabidi achague kimoja, chaki au siasa. Akaacha kazi ya ualimu. Jina la Mwalimu halikumwacha.

STEMPU ZA UHURU

Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961. Siku hiyo hiyo zikatoka stempu mpya za Tanganyika, na kwangu mimi hizi ndizo nzuri kuliko zote tulizowahi kutoa. Kichwa cha Malkia hakimo. Badala yake kuna mwalimu na wanafunzi, muuguzi na mtoto mchanga, watu wanachuma kahawa, watu wanavuna mahindi, bendera, na mwenge juu ya Kilimanjaro. Ya senti 50 ina simba wa Serengeti. Wa Bunda hiyo ni yenu kabisa, maana geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti liko kwenu.

Tazama kilichokosekana: kiongozi mwenyewe hayumo. Nchi imepata uhuru, waziri mkuu ana miaka 39, na stempu zimejaa wakulima na wauguzi. Mwezi mmoja baadaye, Januari 1962, akajiuzulu uwaziri mkuu akaenda kujenga chama vijijini. Yeye anaonekana kwenye stempu za Jamhuri, Desemba 9, 1962, pale alipokuwa Rais. Ya senti 30 inamwonyesha akizindua kazi ya kujitolea. Pembeni yake kwenye seti hiyo hiyo kuna ya senti 50, bendera ikipandishwa Kilimanjaro.

Baada ya hapo stempu zetu za kawaida zilikwenda kwa viumbe. Mwaka 1967 samaki, 1973 vipepeo, 1980 wanyama wa porini. Mimi nacheka kila nikifungua ukurasa wa vipepeo, mtu ambaye jina lake ni viwavi anatawala nchi inayobandika vipepeo kwenye barua! Ila kwa rangi, wadau, zile za vipepeo acha kabisa. Zipo zilizokaa kwenye bahasha zaidi ya miaka 50 na bado zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana.

NOTI NYEKUNDU

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966. Kabla yake tulikuwa tunatumia noti za bodi ya pamoja ya Afrika Mashariki. Toleo lao la mwisho, la 1964, halikuwa na sura ya Malkia tena, lilikuwa na jahazi kwenye Ziwa Victoria. Ziwa letu limepambwa sana, hatujui tu.

Noti zetu wenyewe zikaja nne: ya 5 ya kahawia, ya 10 ya kijani, ya 20 ya bluu na ya 100 nyekundu. Zote zina sura ya Nyerere akiwa kijana. Hapa ndipo nawaomba, siku mkipata nafasi, mziangalie kwa lenzi. Sura ile si picha ya kamera. Imechongwa kwa mkono wa fundi, mistari midogo midogo na nukta, shavu limetengenezwa kwa mikunjo kama nyuzi. Ukipitisha kidole unasikia wino umenyanyuka. Kampuni ya Thomas De La Rue ya Uingereza ndiyo iliyochapa. Ukiinua kwenye mwanga unaona kichwa cha twiga kimejificha ndani ya karatasi.

Ile nyekundu ya 100 ndiyo roho ya albamu yangu. Nyuma ya toleo la kwanza kuna Mmasai na mifugo yake, baadaye wakabadilisha wakaweka wanyama wa porini. Wakusanyaji wanaitafuta zaidi ya Mmasai. Kwa thamani ya wakati ule, noti moja ilikuwa pauni 5 za Uingereza kamili, au dola 14 hivi. Ilikuwa noti kubwa kuliko zote nchini, na wapo wakulima wa pamba waliomaliza msimu bila kuigusa.

Sasa sikilizeni hii. Oktoba 1966, miezi michache tu baada ya sura yake kuingia kwenye noti zote, wanafunzi wa chuo kikuu waligoma kwenda jeshi la kujenga taifa kwa masharti yaliyowekwa, na hoja ya mishahara ya wakubwa ikaibuka. Nyerere akawafukuza chuoni, lakini papo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kutoka shilingi 5,000 kwa mwezi hadi 4,000. Yaani Rais wa nchi alikuwa analipwa noti nyekundu 40. Miezi minne mbele, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Viongozi wakakatazwa kuwa na nyumba za kupangisha na hisa kwenye makampuni. Mabenki yakataifishwa. Unaweza kumpinga kwa mengi, lakini huwezi kusema alikuwa na njaa ya hela zenye sura yake.

Sarafu nazo zilitoka 1966: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Upande wa pili ni Nyerere. Baadaye, mwaka 1974, zikatengenezwa za fedha na dhahabu kwa ajili ya uhifadhi wa wanyama, zenye twiga, faru na duma. Hizo ni za wakusanyaji, hazikuwa za kununulia sukari.

PAMBA NA AZIMIO LA MUSOMA

Noti za mwaka 1977 na 1978 zina Nyerere mwingine. Uso umejaa, macho yamechoka kidogo. Kati ya picha hizi mbili kuna miaka kumi na kitu, na ni miaka mizito. Vijiji vya ujamaa, ambavyo wengine walihamia kwa hiari na wengine walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabaki magofu. Wazee wa mkoa huu wanalikumbuka hilo vizuri, waulizeni.

Lakini geuza noti uone nyuma. Ya 20 ina mashine ya nguo za pamba. Mtu wa Bunda akiiona anaona shamba lake, na mtu wa Musoma anaikumbuka Mutex, kile kiwanda chetu cha nguo. Ya 100, safari hii ya zambarau, ina mwalimu na wanafunzi pamoja na wakulima. Mimi nikiiona hiyo naikumbuka Musoma. Mwaka 1974 TANU ilikaa hapa hapa mjini kwetu ikatoa Azimio la Musoma, kwamba watoto wote waende shule ya msingi haraka kuliko ilivyopangwa, na elimu iende na kazi. Matokeo yake ni mamilioni ya watoto waliojua kusoma. Mtoto wa Mwisenge alirudi mjini alikoanzia darasa la kwanza kuamua kwamba na wengine waingie darasani. Si walimu wote walikuwa wamefundishwa vya kutosha, ni kweli, lakini mlango ulifunguka.

Halafu mambo yakaharibika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, zile stempu zenye majina ya nchi tatu zikawa historia. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, tukapigana mpaka 1979, vita vikala fedha. Mafuta yakapanda bei. Edwin Mtei, gavana wa kwanza ambaye sahihi yake wakusanyaji wanaijua kwenye noti za mwanzo, alikuwa Waziri wa Fedha wakati huo. Akatofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akajiuzulu 1979. Ikaja miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na hela unayo mkononi.

Pale Bunda kuna mzee alinionyesha kopo la maziwa lililojaa noti za zambarau. Ni malipo ya pamba, alikuwa anaziweka kidogo kidogo kwa ajili ya mahari ya kijana wake. Hakuamini benki. Zikaishia thamani ndani ya kopo, hazijawahi kutumika, ndiyo maana ni safi ajabu, kona zake bado zinachoma. Nilimuuliza kama anamchukia aliyepo kwenye picha. Akakataa kabisa, akaanza kunihesabia watoto wake waliosoma bure. Nikakaa kimya. Mimi sikupanga foleni ya sabuni, na sina kopo.

KUTOKA NOTI KUBWA HADI NOTI NDOGO

Novemba 5, 1985 Mwalimu akang'atuka, akamwachia Ali Hassan Mwinyi. Viongozi wachache sana Afrika wa rika lake waliondoka kwa miguu yao. Mwaka huo dola moja kwa bei ya serikali ilikuwa kama shilingi 17, wakati 1966 ilikuwa 7 na kidogo. Mwaka uliofuata ikaruka hadi 40. Sura ya Mwinyi ikaingia kwenye noti, na miaka ya 90 wakaja wanyama. Mwalimu akabaki kwenye sarafu, ile ya 10 ya mwaka 1987 na ile ya 100 yenye swala wanaokimbia. Yeye mwenyewe alirudi Butiama kulima, kusoma, kucheza bao, na kusuluhisha migogoro ya majirani kama Burundi.

Alifariki Oktoba 14, 1999, London, hospitali ya Mtakatifu Thomas, kwa saratani ya damu. Oktoba 23 akazikwa Mwitongo, Butiama, karibu na wazazi wake. Mwaka uliofuata, 2000, sura yake ikarudi kwenye noti, ile ya 1,000. Toleo la 2003 akabaki hapo, na toleo la noti zilizoingia mtaani 2011 akabaki hapo hapo.

Hapo ndipo pananiumiza kila nikipanga albamu. Mwaka 1966 alikuwa kwenye noti kubwa kuliko zote, na noti yake moja ilikuwa dola 14. Siku hizi yuko kwenye noti ndogo kuliko zote zinazochapwa, maana 500 ilishakuwa sarafu mwaka 2014, na noti yake haifiki dola moja, hata nusu yake haifiki. Tembo yuko kwenye 10,000, faru kwenye 5,000, simba kwenye 2,000. Kuna wanaosema ni dharau. Mimi siafiki. Noti ya 1,000 ndiyo inayozunguka kwa mama ntilie, kwa bodaboda, kwa wauza dagaa pale mwaloni. Mtu aliyejikata mshahara nadhani angeipenda nafasi hiyo kuliko ya kukaa kwenye sefu na tembo.

Na kuna siri moja. Chukua noti yoyote ya toleo hili, hata ya tembo, iinue kwenye mwanga. Sehemu ile nyeupe inayoonekana tupu, anatokea Mwalimu. Yule twiga wa zamani kaondoka, kaingia yeye. Kila noti ya nchi hii, ili ijulikane si feki, inabidi umtafute mzee wa Butiama ndani yake.

SASA TUFANYE NINI

Kwanza, msidanganywe. Kuna matapeli wanazunguka wakisema sarafu ya zamani au rupia inanunuliwa kwa mamilioni. Wanakuomba hela ya usajili, wanapotea. Noti nyingi za Nyerere hazitakutajirisha, zilichapwa kwa wingi. Zenye bei ni zile safi kabisa za 1966, hasa nyekundu yenye Mmasai.

Pili, kama nyumbani kuna kopo la bibi, usisafishe sarafu kwa majivu wala ndimu, unaiua. Noti usibandike selotepu, usipige pasi, usiipeleke kulaminetiwa. Iweke bapa kwenye mfuko wa plastiki wa albamu, mbali na jua na unyevu. Stempu iliyo kwenye bahasha usiibandue kwa kucha. Kata kipande cha bahasha, kiloweke kwenye maji ya baridi, itajibandua yenyewe, halafu ikaushe katikati ya karatasi safi.

Tatu, kabla hujauza kwa mgeni anayepita na gari, muulize bibi au babu hiyo noti aliipataje. Andika kwenye karatasi, mwaka na kijiji, uiweke pamoja na noti. Noti ya zambarau unaweza kuipata kwa wauzaji Ulaya, lakini ile ya pamba ya Bunda iliyokosa mahari iko moja tu.

Nne, nendeni Butiama. Makumbusho ya Mwalimu yapo pale tangu 1999, na kaburi lipo. Kutoka Musoma au Bunda ni nauli ndogo. Lipia kwa noti yenye sura yake, lakini safari hii mtazame usoni kwanza kabla hujampa konda.

Mwenye noti, stempu au habari za wazee wake kuhusu enzi hizo atuwekee hapo chini kwenye maoni, hasa wa Bunda na Tarime. Na anayeona nimempendelea Mwalimu, au nimemwonea, aseme tu.

Nawasilisha.